RAV4 ya 1998 inachemsha ikipanda Kibosho: nitengeneze au niuze?

Swali: "Fundi, shikamoo. Mimi ni mwalimu wa sekondari, nafundisha Moshi mjini na nakaa Kibosho. Nina RAV4 ya mwaka 1998, milango mitano, oto, niliyoinunua mkononi kwa mtu wa Arusha mwaka 2017. Mwaka huu peke yake gereji nimeacha milioni mbili na laki nne: rejeta, alteneta, shokapu za mbele na bushi zake, na breki. Sasa inachemsha nikiwa napanda kurudi nyumbani. Mjini haina shida. Fundi wangu anasema hedi gasketi imeungua, anataka 850,000. Fundi mwingine anasema nisihangaike na gasketi, nishushe injini niweke ya mtumba kutoka Japani kwa milioni mbili na nusu. Mume wangu amechoka, anasema tuuze, tuongezee, tununue IST. Tumeonyeshwa moja kwa milioni kumi na moja. Dalali anasema yangu haitapita milioni sita. Nifanyeje?"

Marahaba, Mwalimu. Nianze na jibu, maelezo yafuate, maana najua shule haisubiri gari. Usiiuze mwezi huu. Usinunue injini. Na hiyo laki nane na nusu usiitoe mpaka hedi gasketi (kile kizibo kati ya hedi, yaani kichwa cha injini, na bloku) ipimwe, kwa sababu kwa ulivyoeleza sioni mahali ambapo mtu amepima. Gari linalochemsha mlimani tu, mjini likatulia, lina sababu kadhaa za kuchunguzwa kabla ya kufika kwenye gasketi, na nyingi kati ya hizo ni za pesa ndogo. Vipimo vinavyohitajika vinaisha asubuhi moja. Vikitoka vizuri, itengeneze utembee nayo. Vikitoka vibaya, basi mume wako, shemeji yangu, yuko sahihi, na huko chini nimeeleza namna ya kuiuza bila kujiletea kesi.

Kwanza tuiweke sawa hiyo milioni mbili na laki nne, maana naona ndiyo inayowaumiza mkikaa kulizungumza hili. Mmoja husema nimeshaweka hela nyingi mno, siwezi kuliachia sasa. Mwingine husema limekula hela nyingi mno, liondoke. Wote wawili wanahesabu pesa ambayo haipo tena. Dalali hakuongezei hata mia kwa sababu umebadilisha alteneta. Cha kuhesabu ni miezi kumi na miwili ijayo: nikibaki nalo litanidai nini, na nikichukua jingine litanidai nini. Pesa ya nyuma inaingia kwenye hesabu hiyo kwa jambo moja tu, nalo ni kukuonyesha vitu ambavyo havitakudai tena hivi karibuni. Shokapu mpya za mbele unazo. Breki unazo. Alteneta unayo. Ukiuza leo, unamuuzia mwenzako mwaka ambao wewe umeshaulipia.

Halafu tenganisha kuchakaa na ugonjwa. Shokapu, bushi na breki vinalika kwenye kila gari linalopanda na kushuka Kibosho kila siku, liwe la 1998 au la juzi. Ile IST ingevila vilevile, na kwa kuwa iko chini zaidi, makorongo ya masika yangeifikia mapema. (Ukishuka asubuhi, usikae kwenye D huku umekanyaga breki njia nzima. Weka 2, na penye mteremko mkali weka L, injini ikusaidie kushika gari. Breki pedi zitadumu zaidi, na breki hazitapata moto mpaka zikose nguvu.) Rejeta na alteneta ndizo naweza kusema ni za umri. Kwa hiyo gari lako halikuugua mara tano mwaka huu. Limeugua mara mbili, na hii ya kuchemsha ni ya tatu, ambayo huenda ni mwendelezo wa ile ya rejeta.

Hapo ndipo ningependa tukae kidogo.

Maji ya kawaida usawa wa bahari yanachemka nyuzi joto 100. Kadiri unavyopanda, hewa inapungua uzito na maji yanachemka mapema zaidi. Moshi mjini, karibu mita 900 juu ya usawa wa bahari, yanachemka kwenye nyuzi 97 hivi. Kibosho unapanda mamia ya mita zaidi, inashuka tena nyuzi moja au mbili. Sasa injini yenye afya ikivuta mlima inaweza kufika kwenye joto hilohilo bila kuwa na tatizo lolote. Kinachozuia maji yasichemke ni mfuniko wa rejeta. Una springi ndani, unayabana maji kwa presha, na maji yaliyobanwa hivyo hayachemki mpaka yapite nyuzi 110. Juu ya mfuniko utaona imeandikwa 0.9 au 1.1, ndiyo presha yake. Springi ikichoka au raba ikipasuka, gari linatembea mjini vizuri kabisa, kisha mlimani maji yanaanza kutokota, yanamwagikia kwenye chupa ya akiba, yanapungua, na mshale wa joto unapanda. Mjini haina shida, mlimani inachemsha: ndivyo ulivyoniandikia. Ulipobadilishiwa rejeta, mfuniko ulikuwa mpya, au walirudishia ule wa zamani? Uliza. Ni spea ya bei ndogo mno kulinganisha na kufungua hedi.

La pili ni thamostati. Muulize fundi wako waziwazi: ipo ndani, au iliondolewa? Huku kwetu kuna desturi iliyoota mizizi, ya kuing'oa na kuitupa, eti nchi yetu ni ya joto haihitajiki. Desturi hii imeua injini nyingi nzuri na inanisikitisha kila ninapoikuta. Kwenye injini yako, ile 3S-FE ya lita mbili, thamostati ina kazi mbili. Injini ikiwa ya baridi inazuia maji yasiende kwenye rejeta. Injini ikishapata moto inafungua njia ya rejeta na papo hapo inaziba njia ya mkato ambayo maji hupita kurudi kwenye injini bila kupoozwa. Ukiing'oa, ile njia ya mkato inabaki wazi muda wote. Sehemu ya maji ya moto inazunguka tu ndani ya injini, haifiki kwenye rejeta kabisa. Kwenye tambarare hutaona tofauti. Mlimani, injini inapohitaji kila tone lipoozwe, utaiona. Na asubuhi ukiwa unateremka, injini inakuwa ya baridi kupita kiasi, kompyuta inaongeza petroli ikidhani gari ndiyo kwanza limewashwa, na hela yako inaondokea kwenye ekzosi.

La tatu, feni. Ukipanda kwa mwendo wa taratibu, upepo unaoingia mbele ni mdogo, feni ndiyo inayofanya kazi. Washa gari likiwa limesimama, liache liungurume, uangalie kama feni inaanza kabla mshale haujapita katikati. Kama AC yako ni nzima, iwashe. Feni inatakiwa kuanza kuzunguka. Isipozunguka, tafuta fundi umeme wa magari, usitafute fundi wa injini.

La nne ni maji yenyewe. Bloku ya injini yako ni ya chuma, hedi ni ya aluminiamu. Ukijaza maji ya bomba matupu miaka na miaka, chuma kinaota kutu, kutu inasafiri, na rejeta mpya inaziba ndani ya muda mfupi. Chovya kitambaa cheupe kwenye shingo ya rejeta injini ikiwa ya baridi. Kikitoka na rangi ya kahawia, mfumo wote unatakiwa kuoshwa na kujazwa kulanti, yale maji maalumu ya kupoozea injini. Na wota pampu nayo iangaliwe kama inavuja. Kwenye 3S inazungushwa na mkanda wa taimingi, kwa hiyo imejificha, na fundi mvivu haitazami.

Sasa tuje kwenye gasketi, kwa sababu inawezekana kweli imeungua, hasa kama ulishawahi kuendelea kuendesha mshale ukiwa juu. Namna ya kujua ni hii. Gari lilale usiku kucha. Asubuhi, likiwa la baridi kabisa, fungua mfuniko wa rejeta. (Usiufungue injini ikiwa ya moto, Mwalimu, hata mtu akuambie ataufunika kwa kitambaa. Yale maji yanaruka na yanababua uso.) Jaza maji hadi shingoni. Mwambie mtu awashe, wewe tazama ndani ya shingo. Mapovu machache ya mwanzo ni hewa iliyokuwa imekaa ndani, yataisha. Yasipoisha, yakawa yanatoka mfululizo kama chungu kinachotokota wakati maji bado ni ya baridi, na akikanyaga mafuta yanaongezeka, hiyo ni hewa ya mlipuko inayopenya kutoka kwenye silinda. Zima, funga mfuniko, washa tena, na ndani ya dakika moja hivi shika lile paipu kubwa la juu la rejeta. Likiwa limekakamaa kama jiwe wakati bado ni la baridi, jibu ni lilelile. Kuna pia kifaa chenye maji ya bluu kinachowekwa juu ya shingo ya rejeta. Hewa ya mlipuko ikipita ndani yake, bluu inageuka njano. Gereji zenye vifaa wanacho.

Wengi wanadanganyika na ute mweupe chini ya mfuniko wa oili, wanasema maji yameingia kwenye oili. Kwa mtu anayeishi kwenye baridi ya Kibosho na kutembea safari fupi, ute kidogo hapo unaweza kuwa mvuke tu. Toa dipstiki ya oili. Oili ya kwenye dipstiki ikiwa safi, bado hujathibitisha kitu. Ikiwa ya rangi ya chai ya maziwa, usiwashe tena, gari livutwe.

Kipimo cha pili ndicho kitakachoamua hatima ya gari: kompresheni, yaani presha ya hewa inayobanwa ndani ya kila silinda. Injini ikiwa na joto la kawaida, plagi zote nne zinatolewa, petroli na moto wa plagi vinakatwa, mtu anakanyaga mafuta mpaka chini, na geji inasukumwa kwenye tundu moja baada ya jingine huku stata ikizungusha injini. Betri iwe na nguvu. Simama hapohapo, uandike namba nne kwa mkono wako.

Kwa injini hii, kitabu cha Toyota kinataka karibu 178 kwa kipimo cha psi, isishuke chini ya 142, na silinda na silinda zisipishane zaidi ya 14. Lakini namba hizo ni za usawa wa bahari, na hapa ndipo magari mengi ya Moshi na Arusha yanapohukumiwa bila kosa. Silinda inabana hewa iliyopo. Moshi hewa ina presha pungufu kwa karibu asilimia 10, na Arusha mjini, kwenye mita 1,400 hivi, inapungua kwa karibu asilimia 15. Injini iliyo nzima kabisa, ambayo Dar ingeonyesha 178, Moshi itaonyesha kama 160, Arusha kama 150. Fundi akikuonyesha 155 na kukuambia injini imekwisha, mwambie hapana, hapa ndipo inapotakiwa kuwa. Zikiwa 155, 150, 158 na 152, una injini yenye miaka mingine mbele yake. Cha kuogopa ni namba moja kuachana na wenzake. Mbili zilizo jirani zikiwa chini, kwa mfano ya pili na ya tatu, gasketi imeungua katikati yao, na hilo linatengenezeka. Moja ikiwa chini peke yake, wamwagie kijiko cha oili kwenye tundu lake, wapime tena. Ikipanda, ringi za pistoni zimelika. Isipopanda, ni vali au gasketi. Zote nne zikiwa chini ya 120, na gari linakunywa oili, hapo nitakuambia uza.

Kabla hujaondoka gereji, gari lipandishwe au liingie kwenye shimo, ulitazame chini wewe mwenyewe. RAV4 haina chesisi ya kujitegemea kama Land Cruiser, bodi ndiyo chesisi. Baadhi ya magari haya yalitembea kaskazini mwa Japani, ambako barabara humwagwa chumvi wakati wa theluji, na kutu inaanzia kule kabla gari halijapanda meli. Gonga kwa mpini wa bisibisi pale mikono ya nyuma ya sasipensheni inaposhika bodi, na chini ya milango. Mlio wa chuma kizima unaujua. Bisibisi ikizama, iuze hata kama injini ni nzuri, maana uchomeleaji wa hapo hauaminiki ukiwa na watoto ndani. Kwa bahati Kilimanjaro si pwani, kutu yetu haina haraka kama ya Tanga au Dar.

Giaboksi nayo uitazame kwa dipstiki yake. Oili nyekundu au ya kahawia nyepesi, sawa. Nyeusi yenye harufu ya kuungua, na gari linachelewa kushika ukiweka D, hapo una gharama kubwa ya pili inayokuja, na mbili kwa pamoja sikushauri uzibebe.

Tuseme gasketi kweli imeungua, na mengine yote yako vizuri. Laki nane na nusu ni halali au si halali kutegemea kilichomo ndani yake, kwa hiyo uandikiwe. Hedi ikishatolewa ni lazima iende kwa mtu wa mashine, ipimwe kama imepasuka na ipigwe fesi (uso wake usawazishwe), kwa sababu aluminiamu ikichemka inapinda. Gasketi mpya juu ya hedi iliyopinda itakurudisha gereji muda si mrefu, na fundi atasema gari lako lina mkosi. Wakati hedi iko chini, badilisha mkanda wa taimingi, wota pampu, thamostati na sili za mbele, kwa sababu ufundi wa kufika huko umeshaulipia. Mkanda wenyewe hubadilishwa kila kilomita 100,000, na kama tangu 2017 hujawahi kuubadilisha, ulikuwa unadaiwa hata bila kuchemsha. Hedi irudishwe kwa spana ya torki, kwa mpangilio wake, isikazwe kwa nguvu ya mkono. Na spea zote za zamani urudishiwe mkononi. Hili la mwisho usione haya kulisema, fundi mwaminifu halimkeri.

Injini ya mtumba siikubali kwa hali yako. Unatoa milioni mbili na nusu kununua injini ya miaka ileile ambayo hujui ilivyotunzwa, na dhamana unayopewa mara nyingi ni ya kusikia ikiwaka tu. Ukiifunga na ile rejeta na ule mfuniko, na kama thamostati iling'olewa usiirudishe, itachemka kwenye mlima uleule. Tena namba ya injini haitalingana na ya kwenye kadi, itabidi upeleke taarifa TRA irekebishwe, na bila risiti inayoeleweka utasumbuka siku ya kuuza. Injini hubadilishwa bloku ikipasuka au ikishanoki, yaani ikianza kugonga kwa ndani. Yako haijafika huko.

Sasa IST. Shemeji hajakosea kuitaja, ni gari zuri, linakula kidogo, spea zimejaa. Ila tuipigie hesabu. Mna sita za dalali, mnaongeza tano. Tuseme unatembea kilomita 900 kwa mwezi, na hii RAV4 inakupa kilomita 9 kwa lita mlimani, IST ikakupa 13. Ni lita 100 dhidi ya 69. Tukichukua lita kwa shilingi 3,000 kwa urahisi wa hesabu (bei kikomo za EWURA hubadilika kila mwezi), unaokoa kama 93,000 kwa mwezi, milioni moja na laki moja kwa mwaka. Ile milioni tano ya kuongezea itarudi baada ya miaka minne na nusu, kama IST haikudai kitu katikati. Nayo itadai. IST za mwanzo zilianza kutoka mwaka 2002, hivyo ile mtakayoipata kwa bei hiyo huenda ni gari la miaka karibu ishirini au zaidi ambalo mwenye nalo ameamua kuachana nalo. Sababu yake hamtaambiwa. Weka na ada ya kuhamisha kadi, bima, tairi ambazo karibu kila gari la mkononi linakuja nazo zikiwa kipara, na bushi. Na ukifikiria kuagiza Japani moja kwa moja, kumbuka gari dogo lililozidi miaka minane linatozwa ushuru wa ziada wa uchakavu, juu ya ushuru mwingine na VAT ya asilimia 18.

Hili ndilo hasa ninalotaka mlipime nyumbani. RAV4 yako ni mbovu unayoijua. Umekaa nayo tangu 2017, unajua ilipobadilishwa nini, unajua mlio wake. Gari la mkononi mtakalonunua litakuwa bovu msilolijua, na ujuzi huo mtaulipia upya kuanzia mwanzo. Kujua gari lako kuna thamani ya pesa kabisa, ingawa dalali haiandiki popote. Ongeza kwamba injini ya 3S ndiyo iliyomo kwenye Noah za zamani na Ipsum, kwa hiyo kuanzia Majengo ya Moshi hadi Unga Limited ya Arusha utapata spea na mafundi walioifungua mpaka wanaijua kwa kichwa.

Wapo wanaotumia kanuni kwamba matengenezo yakizidi nusu ya bei ya gari, liuzwe. Mimi siifuati. Bei ya dalali haikuambii itakugharimu nini kupata gari jingine litakalokupandisha Kibosho wakati wa mvua. Kaeni na shemeji mpange kikomo cha mwaka. Kwa hali yenu ningeweka milioni moja na nusu kwa miezi kumi na miwili, ikijumuisha kazi hii ya sasa, ukiacha oili, tairi na breki ambazo hata IST ingezihitaji. Ikivuka hapo, iuzwe bila mjadala mwingine. Na kila mwezi tengeni kama laki moja ya gari, iwe kwenye kikundi au kwenye simu, msiiguse kwa ada wala kwa harusi. Baada ya mwaka, ikitumika imewaokoa, isipotumika ndiyo mwanzo wa kununua gari jipya zaidi kwa utulivu, bila kukimbizwa na gari bovu uani.

Haraka haipo. Tangu bajeti ya 2017/18 ilipofuta ada ya leseni ya gari ya kila mwaka, gari likisimama wiki mbili halikudai kitu zaidi ya bima uliyokwisha kulipia. Panda Hiace siku hizo. Usipande nalo mlima hata kidogo mpaka lipimwe, maana kila safari moja ya kuchemsha ndiyo inayogeuza kazi ya mfuniko kuwa kazi ya hedi.

Mkifikia kuuza, mwambieni mnunuzi kwamba linachemsha na mmepima nini, kwa maandishi, wote wawili muweke sahihi. Bei itashuka kidogo lakini hatarudi mlangoni kwenu na mjumbe. Kadi ihamishwe TRA kabla hajaondoka na gari. Watu wengi huacha hili kwa kuaminiana, halafu faini za barabarani zinaendelea kuingia kwenye gari ambalo bado lina jina lao.

Siku ukipima, niandikie zile namba nne za kompresheni kwa mpangilio, ukianzia silinda ya upande wa mkanda, na uniambie kama thamostati ilikutwa ndani. Nikizipata hizo nitakuambia kama hiyo 850,000 ni ya kulipa, au ni hesabu ya kumrudishia fundi wako, umpe na mfuniko mpya wa rejeta aufunge.